Kichwa na shingo: pale tunapoandika "hakuna kasoro" bila mkono kugusa

Sista_Kondele (Kisumu)

Wauguzi wenzangu, wanafunzi, na yeyote anayelea mtoto au mzee nyumbani, naomba mkae nami. Uzi utakuwa mrefu.

Juma hili nilikuwa napitia mafaili ya wagonjwa waliolazwa wodini kwetu. Kifua kimeandikiwa mistari minne, tumbo mistari mitatu. Ukifika penye kichwa na shingo, faili baada ya faili, unakuta maneno mawili tu: hakuna kasoro. Mmoja wa wagonjwa hao alikuwa na uvimbe nyuma ya sikio, mkubwa kama ndimu. Nywele za kusuka ndizo zilizoufunika.

Simnyoshei kidole aliyeandika, maana nami niliwahi kuyaandika maneno hayohayo na bado nimeyabeba.

Miaka 6 iliyopita nilikuwa dispensari moja upande wa Ahero. Ilikuwa asubuhi ya kliniki, foleni imefika nje mpaka kwenye mwembe. Mama akaingia na kijana wake wa miaka 6 mwenye homa. Nikampima malaria, ikawa ipo, nikampa dawa. Mama alipokuwa anajifunga leso atoke, akasema, "Sista, na meno yake yanacheza." Nikamwambia, "Mama, huu ndio umri wake, ni meno ya utoto yanang'oka." Akaitikia, akaenda.

Baada ya wiki 2 wakarudi. Shavu la kulia limejaa, jicho la upande huohuo limesukumwa mbele. Nikavaa glavu, nikawasha tochi, nikamfungua mdomo kwa mara ya kwanza. Meno yaliyokuwa yakicheza hayakuwa ya mbele. Yalikuwa magego, matatu, yote upande mmoja, na ufizi umeinuka chini yake kama sakafu iliyoinuliwa na mzizi. Mtoto wa miaka 6 huanza kung'oka meno ya mbele, ya chini kwanza. Magego ya utoto hungoja mpaka miaka 9 au zaidi. Kama siku ile ningeuliza "meno gani, mama?" na kutia kidole, ningejua.

Ilikuwa limfoma ya Burkitt, aina ya saratani ya tezi. Jina hilo linatokana na daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Kampala na kuandika mwaka 1958 kuhusu watoto wenye uvimbe wa taya. Mwaka 1964 kirusi cha Epstein-Barr kiligunduliwa katika seli za uvimbe huohuo. Ugonjwa huu hufuata mahali penye malaria ya mwaka mzima, ndiyo maana sisi wa kandokando ya ziwa tunaufahamu kuliko watu wa Nyeri huko nyanda za juu. Hukua upesi ajabu, unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Lakini hiyohiyo mbio yake ndiyo inayoufanya usikie dawa za saratani vizuri, mradi mtoto afike mapema. Kijana yule alitibiwa, yuko hai, yuko shuleni. Jicho la kulia halioni.

Nataka tuongee juu ya kupima kichwa na shingo jinsi kunavyotakiwa kufanyika, kwa mkono na kwa mwanga. Nitaandika kidogokidogo nikitoka zamu. Karibuni muulize.

---

Binti_wa_Lanet (Nakuru)

Sista, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi mwaka wa pili. Asante kwa kutuambia habari ya yule mtoto.

Nina swali kuhusu kilemba. Huku Nakuru tuna Akorino wengi, waumini wa dini ya kuvaa vilemba, na wengi wao hawavui kilemba mbele za watu. Mwezi uliopita mzee mmoja aligongwa na bodaboda, akaletwa akiwa na kidonda cha mguu. Alikuwa anaongea vizuri, anataja majina ya wajukuu. Tukasafisha mguu, tukafunga. Kilemba hakuna aliyekigusa, kila mtu aliona ni kumkosea heshima. Saa mbili baadaye akaanza kusinzia, ukimwita anajibu nusu. Ndipo sista wa zamu akavuta pazia, akamwomba mkewe ndiye amvue. Juu ya sikio la kushoto palikuwa na uvimbe laini, ukibonyeza unadidimia. Akapelekwa skani mbio, kisha upasuaji.

Mtu aanze vipi bila kumvunjia mgonjwa heshima?

---

Sista_Kondele (Kisumu)

Marahaba, mwanangu. Sista wako wa zamu alifanya inavyopasa, ila ilipasa ifanyike mzee alipoingia tu.

Heshima iko katika namna unavyoomba. "Mzee, naomba nikuangalie kichwa chote, kwa sababu umeanguka na damu inaweza kukusanyika ndani bila kuonekana. Nitavuta pazia. Ungependa mama akuvue, au mimi?" Sijawahi kukataliwa nikisema hivyo. Huku kwetu kuna akina mama wa Legio Maria na dini za Roho wenye vitambaa vyao, kuna Waislamu wenye hijabu, kuna wasichana wenye wigi ambao wanaona aibu ya nywele zilizonyonyoka pembeni kwa kusukwa kwa nguvu. Wote ukiwaeleza sababu wanakuruhusu. Wanachochukia ni kuvutwa kichwa kama gunia.

Mzee yule alifuata njia inayojulikana. Kwenye panja mfupa wa fuvu ni mwembamba, na mshipa wa damu unapita ndani yake papo hapo. Mfupa ukipasuka mshipa unachanika, damu inajikusanya taratibu kati ya fuvu na utando wa ubongo. Mgonjwa huongea vizuri kwa muda, kisha anazama. Kwa hiyo mtu aliyeanguka na anayeongea vizuri hajapona bado. Mpime tena kila nusu saa, kwa kipimo cha fahamu cha Glasgow, na uandike alama za macho, za maneno na za viungo kila moja peke yake. Kipimo hicho kina alama 3 hadi 15. Zikishuka hadi 8, mgonjwa huenda hawezi tena kujilindia njia ya hewa.

Sasa kichwa chenyewe. Simama mbele ya mgonjwa, naye aketi, macho yenu yawe kimo kimoja. Angalia kabla hujagusa: umbo, ulinganifu wa pande mbili, kama kichwa kinatikisika au kinaegemea upande. Kisha tia vidole vya mikono miwili kwenye nywele na upapase kwa mizunguko midogo, kutoka paji la uso hadi kisogo, ukitafuta uvimbe, bonde, kidonda, mahali panapouma. Gawanya nywele uone ngozi: chawa, magamba, mashilingi (mapunye), makovu. Nywele za mtoto zikiwa nyembamba, nyekundunyekundu na zinang'oka bila kuvutwa, uliza anakula nini nyumbani.

Nyuma ya masikio watu hupasahau. Mvilio wa damu nyuma ya sikio, au macho yaliyozungukwa na weusi pande zote mbili bila mtu kupigwa machoni, au maji maangavu yanayotiririka puani au sikioni baada ya ajali, vyote vinasema chini ya fuvu pamevunjika. Mgonjwa wa namna hiyo usimtie mpira wa chakula kupitia puani. Kumbuka pia kwamba ule mvilio wa nyuma ya sikio unaweza kuchukua siku nzima kujitokeza, basi usipouona leo, uangalie kesho.

---

Mama_Wawili (Kakamega)

Mimi si muuguzi, ni mama tu, lakini nimesoma na mwili unanisisimka. Mtoto wangu wa miaka 4 ana vidonge viwili vigumu kwenye kisogo, karibu na shingo. Vimekaa kama mwezi. Haviumi. Je, ni hiyo Burkitt?

---

Sista_Kondele (Kisumu)

Pole kwa hofu, mama. Kwanza niulize: kichwani ana mashilingi, vidonda au chawa?

---

Mama_Wawili (Kakamega)

Mashilingi anayo, ndiyo. Nimempaka mafuta ya dukani, yanaisha yanarudi.

---

Sista_Kondele (Kisumu)

Hapo pana maelezo ya kawaida kabisa. Tezi za kisogo ndizo zinazochuja maji yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa, kwa hiyo kichwa kikiwa na mashilingi au vidonda, tezi hizo huvimba. Mashilingi ya kichwani hayaponi kwa kupaka peke yake, kwa sababu kuvu imeingia ndani ya mzizi wa unywele. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa. Mpeleke kituo cha afya, na umwombe muuguzi azipapase hizo tezi kwa mkono wake.

Zikiwa zinasogea chini ya kidole, ni laini, na zinapungua ngozi ikipona, usipoteze usingizi. Zikiendelea kukua, zikawa ngumu kama jiwe, zikashikana au zikagandamana na ngozi, au mtoto akiwa na homa zisizoisha, jasho la usiku na kukonda, rudi bila kungoja. Na mfungue mdomo wakati wa kumpiga mswaki jioni. Uvimbe wa Burkitt huku kwetu hupenda taya na tumbo, mara chache kisogoni.

---

Kliniki_Siaya

Mimi ni afisa wa kliniki. Niruhusu, Sista, niongeze ya macho, kwa kuwa huku kwetu macho yanasema mengi.

Vuta kope la chini taratibu uangalie utando wa ndani. Mtoto wa ziwani mwenye malaria za mara kwa mara au selimundu, utando wake unaweza kuwa mweupe kama karatasi, na uso wa mtoto bado ni mweusi mzuri wa kumdanganya mtu. Linganisha na viganja vyake, na hata na kope la mama yake, lakini kumbuka mama naye anaweza kuwa hana damu.

Kuhusu macho ya manjano: usipime chini ya taa ya wodi, mpeleke dirishani. Wazee wetu wengi wana rangi ya kahawia au manjano kwenye weupe wa jicho kutokana na umri na jua, hasa pale panapoachwa wazi kati ya kope. Mwambie aangalie chini, inua kope la juu, tazama weupe uliofichika. Kisha angalia kaakaa na chini ya ulimi. Manjano ya kweli yanafika huko.

Mboni: andika ukubwa kwa milimita, kila jicho peke yake, na kama inasinyaa ukimulika na jicho la pili pia linasinyaa. Kabla hujapiga kelele kwamba mboni zimetofautiana, muulize mgonjwa kama amewahi kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Nimewahi kumkimbiza mzee hospitali ya rufaa usiku kwa mboni iliyokaa hivyo miaka mingi tangu upasuaji. Hakuna aliyemuuliza, nami sikuuliza.

---

Binti_wa_Lanet (Nakuru)

Asanteni. Nina mtihani wa vitendo hivi karibuni, naomba mnisahihishe. Shingoni nimejifunza hivi: angalia ulinganifu, mwambie ageuze kichwa kulia na kushoto, akunje kidevu kifikie kifua. Kisha papasa koo la hewa kama liko katikati. Kisha shika mishipa mikubwa ya shingo pande zote mbili kwa pamoja ili ulinganishe nguvu ya mapigo. Kisha tezi.

---

Bibi_Mstaafu (Kakamega)

Binti, simama hapo. Nimefanya kazi wodini miaka 34 na nitalisema hili bila kuzunguka: mishipa ya shingo haishikwi yote miwili kwa wakati mmoja, kamwe. Hiyo ndiyo inayopeleka damu kwenye ubongo. Pia, karibu na pembe ya taya mshipa huo una sehemu inayopima shinikizo la damu. Ukiibonyeza, moyo unapewa amri ya kupunguza mwendo. Mzee anaweza kuzirai mikononi mwako ukiwa umemsimamia kwa nia njema. Shika mmoja, sehemu ya chini ya shingo, kwa upole, hesabu, achia. Kisha wa pili. Ukitaka kulinganisha, linganisha kichwani mwako.

Na kabla ya kushika kwa mtu mzima mwenye umri, sikiliza kwanza. Weka ule upande mdogo wa stetoskopu juu ya mshipa, mwambie ashike pumzi kidogo. Ukisikia mvumo kama upepo unaopita kwenye mwanya wa mlango, mshipa umepungua upana. Mshipa huo usiubonyeze tena, mwite daktari.

Jambo la pili ni hilo la kukunja shingo. Aliyeanguka kutoka bodaboda au aliyetolewa kwenye gari lililopata ajali pale Salgaa hakunjwi shingo wala kugeuzwa mpaka ijulikane kwamba mifupa yake iko salama. Mtu mmoja ashike kichwa kwa mikono miwili, kibaki sambamba na mwili, wengine wafanye kazi. Kukunja shingo ni kwa yule mwenye homa, maumivu ya kichwa na anayekimbia mwanga, unayemshuku homa ya uti wa mgongo. Huyo akikataa kukunja, au ukimkunja shingo naye akajikunja magoti bila kutaka, usingoje.

---

Binti_wa_Lanet (Nakuru)

Bibi, shikamoo, na asante sana. Nilikuwa nimeandika hivyo kwenye daftari kutoka kwa mwenzangu. Nimeshafuta.

---

Dereva_Kibuye (Kisumu)

Samahanini, niko nje ya mada kidogo. Nimeamka jana mdomo umeenda upande, jicho moja halifungi, chai inamwagika. Watu wanasema nimepigwa na upepo, wengine wanasema ni stroki. Nina miaka 31.

---

Kliniki_Siaya

Kaka, hauko nje ya mada, hii ndiyo mada yenyewe. Simama mbele ya kioo, inua nyusi kama mtu aliyeshangaa. Paji la uso upande huo linakunjika au limebaki laini?

---

Dereva_Kibuye (Kisumu)

Limebaki laini. Nyusi haiendi popote. Mikono na miguu iko sawa, naongea vizuri.

---

Kliniki_Siaya

Nenda hospitali leo hii, si kesho, lakini punguza hofu. Misuli ya paji la uso hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo. Kwa hiyo stroki ya upande mmoja kwa kawaida huangusha mdomo na kuacha paji likikunjika. Uso wote wa upande mmoja ukilala, pamoja na paji na kope, mara nyingi ni mshipa wa fahamu wa uso wenyewe, ule wa 7, uliovimba. Kuna vidonge vinavyosaidia vikianza ndani ya siku 3 za kwanza, ndiyo sababu nakwambia leo. Jicho lisilofunga hukauka na kupata kidonda: omba mafuta ya macho, na usiku lifunikwe.

Lakini usijithibitishe kwa simu. Mkono ukilegea, ulimi ukiwa mzito, au ukianza kuona vitu viwiliviwili, ni dharura papo hapo. Na wakuangalie ndani ya sikio, maana vipele vya maji sikioni vinabadilisha matibabu.

---

Sista_Kondele (Kisumu)

Nimerudi, nimetoka zamu ya usiku. Kaka dereva, ukishaonwa tuandikie.

Niseme ya masikio haraka. Mtu mzima unavuta sikio juu na nyuma ili njia inyooke, mtoto mdogo wa chini ya miaka 3 unavuta chini na nyuma. Ngoma ya sikio nzima hung'aa kijivu kama ndani ya kombe la chaza. Bonyeza mfupa wa nyuma ya sikio: ukiuma na sikio limesukumwa mbele, usaha umeingia kwenye mfupa. Kwa mtoto, masikio na mdomo viache mwisho, maana akishaanza kulia hutasikia kifua wala kupapasa utosi. Utosi hupimwa mtoto akiwa wima na ametulia. Ukididimia, hana maji mwilini. Ukivimba na kukaza, fikiria homa ya uti wa mgongo. Ule wa mbele kwa wengi hufunga kati ya miezi 12 na 18.

Mdomo ndio nataka nikae nao, mnajua kwa nini.

Vaa glavu. Meno ya bandia yatolewe. Tochi mkono mmoja, kijiti cha mbao mkono mwingine, na usiridhike na "sema aaa". Fungua shavu la kulia, la kushoto, inua mdomo wa juu, shusha wa chini, mwambie anyanyue ulimi mpaka juu, kisha ushike ulimi kwa kitambaa cha gozi uuvute kulia na kushoto uone kingo zake. Saratani ya mdomo hupenda kujificha kando ya ulimi na chini yake, mahali ambapo "sema aaa" haifiki. Utando mweupe ukikwanguka na kuacha wekundu, ni fangasi. Ule mweupe wenye mistari pembeni mwa ulimi usiokwanguka, pamoja na madoa ya zambarau kwenye kaakaa, mpime mtu huyo virusi vya UKIMWI kama hajapimwa. Mwisho tia kidole. Gusa kila jino. Bonyeza ufizi kutoka nje kwa kidole kimoja na kutoka ndani kwa kingine.

Na ujue watu wako. Mzee wa Kijaluo wa zamani aliyekosa meno 6 ya mbele ya chini hakuugua, alitolewa meno hayo ujanani kwa desturi. Usiandike kwamba yameoza. Wazee wa Kikalenjin wengine walitolewa mawili, na ndewe zao za masikio zilitobolewa na kuvutwa mpaka zikaning'inia. Nakuru na Njoro mtakuta meno yenye madoa ya kahawia kwa watu wanaopiga mswaki kila siku. Ni floridi ya maji ya visima vya Bonde la Ufa, ambayo mahali pengi hupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita. Kijana wa namna hiyo ameambiwa maisha yake yote kwamba ni mchafu. Ukimwambia ni maji, utamwona anavyokutazama.

---

Binti_wa_Lanet (Nakuru)

Hayo ya floridi ni mimi kabisa, Sista. Nilizoea kufunika mdomo nikicheka.

Tafadhali tufundishe tezi za shingo na rovu, ndipo nanyamaza.

---

Bibi_Mstaafu (Kakamega)

Rovu niachieni mimi. Zamani milimani tuliona rovu kubwa za kufunika kola ya shati, chumvi ya iodini ikazipunguza sana. (Chumvi hiyo ifunikwe, unyevu na jua huimaliza iodini yake.) Mpe mgonjwa kikombe cha maji. Simama mbele yake kwanza, mwambie ainue kidevu kidogo na ameze, utazame. Tezi ya thairoidi imefungwa kwenye koo la hewa, kwa hiyo ikivimba hupanda anapomeza na kushuka. Uvimbe usiopanda una chanzo kingine. Kisha nenda nyuma yake, vidole viwili kila upande chini ya kongomeo, ameze tena, uisikie ikipita chini ya vidole. Kama macho yametoka, mikono inatetemeka na moyo unakwenda mbio, usiifinyefinye hiyo tezi. Weka stetoskopu, sikiliza, andika.

---

Sista_Kondele (Kisumu)

Tezi sasa. Kata kucha. Tumia nyama ya vidole viwili, si ncha. Kichwa cha mgonjwa kiinamishwe kidogo kuelekea upande unaoupima ili msuli ulegee. Zungusha vidole ngozi ikienda navyo, usiteleze juu ya ngozi. Shika njia moja na usiibadilishe maisha yako yote, ndipo hutaruka mahali: mimi huanza mbele ya sikio, nyuma ya sikio, kisogo, pembe ya taya, chini ya taya, chini ya kidevu, kisha nashuka na msuli mkubwa wa shingo mbele, nyuma yake, namaliza juu ya mtulinga.

Juu ya mtulinga mwambie avute pumzi ndefu, kwa sababu tezi za hapo huchomoza mapafu yakijaa. Tezi yoyote unayoipata hapo ichukulie kwa uzito hata kama ni ndogo. Ya kushoto inaweza kuwa saratani iliyotoka mbali, tumboni au kwenye umio (njia ya chakula). Kwingine shingoni, tezi isiyozidi sentimita 1, laini, inayosogea, mara nyingi ni ya kawaida. Ikiuma na ina joto, tafuta maambukizi karibu yake. Tezi kadhaa zilizoshikana kama zabibu kwenye kikonyo, haziumi sana, pengine zinatoa usaha: fikiria kifua kikuu, hata kama mgonjwa hakohoi.

Na ukiandika, andika hivi: "Tezi moja, chini ya taya kushoto, sentimita 2, ngumu kiasi, inasogea, haiumi, mgonjwa ameiona kwa wiki 3." Muuguzi wa zamu inayofuata ataweza kuipima na kujua kama imekua. "Shingo imevimba" haimsaidii kitu.

---

Dereva_Kibuye (Kisumu)

Nimeonwa. Ni mshipa wa uso kama ulivyosema, daktari wa Siaya. Nimepewa vidonge na mafuta ya jicho. Sikio waliangalia pia baada ya mimi kuwaomba. Mungu awabariki.

---

Binti_wa_Lanet (Nakuru)

Sista, leo nilikuwa wodi ya wanaume. Kuna mzee aliyelazwa kwa udhaifu na kukonda. Faili lilisema kichwa na shingo hakuna kasoro. Nikaomba ruhusa, nikavuta pazia, nikaenda kwa njia yako kuanzia mbele ya sikio. Juu ya mtulinga wa kushoto, alipovuta pumzi, nikagusa kitu kigumu kama punje ya hindi kavu, kama sentimita 1.5, hakisogei. Nikamuuliza kuhusu kumeza. Akasema ugali umekuwa ukikwama tangu wakati wa kupalilia, sasa ni uji tu, lakini hakutaka kusumbua watu. Nimeandika kila kitu na nimemwambia daktari. Ameagiza kipimo cha umio.

---

Sista_Kondele (Kisumu)

Saratani ya umio tunaiona mno huku magharibi na Bonde la Ufa, kwa hiyo umefanya vizuri kuuliza kumeza. Kaa naye, muulize nani yuko nyumbani, kwa sababu majibu yakija atahitaji mtu wa kuketi naye. Na upande wa kulia ulipata nini?

---

Binti_wa_Lanet (Nakuru)

Wa kulia sikuupapasa. Nilipopata ule wa kushoto niliacha nikakimbia kwa daktari. Narudi wodini sasa hivi.